Mwari wa Mbao

Siku Faki Matano alipoamua kuwa muuza bunduki, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi pale Bofu, Likoni, shavu moja limenyolewa na jingine lina povu. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa dalali wa viwanja. Kabla ya hapo alikuwa mwakilishi wa shirika la kupeleka vijana Ulaya, shirika ambalo ofisi yake ilikuwa mfuko wa shati lake. Ni mtu wa fani nyingi, na hakuna hata moja iliyowahi kumtoa jasho.

Kiti cha pili alikaa bwana mmoja mnene, amevaa fulana ya timu ya mpira iliyomkaba tumboni, macho yamezama kwenye simu. Ndani ya simu Mmarekani mwenye ndevu nyekundu alikuwa akipapasa bunduki na kueleza, kwa upole wa mwalimu wa chekechea, jinsi mtu anavyopaswa kuchagua bunduki yake ya kwanza na kuitia vifaa.

"Fundi," yule bwana akamwambia kinyozi, "hapa Mombasa mtu anaweza pata hii kitu? Ile semi-otomatiki. Unafyatua moja, inajijaza yenyewe."

Kinyozi akasimamisha wembe hewani. "Hapa twanyoa," alisema, kisha akaendelea kunyoa.

Shavu la Faki lenye povu lilicheza. Alikuwa amesikia mambo mawili. La kwanza ni bunduki. La pili, na hili ndilo lililomsisimua, ni lafudhi. Faki ana kipimo kimoja tu cha akili ya mwanadamu, nacho ni Kiswahili cha mwanadamu huyo. Asemaye "hii kitu" humhesabu kuwa mtoto aliyepotea sokoni: wajibu wa mtu mzima ni kumshika mkono, na kwa mkono wa pili kumpapasa mifuko.

Akamsubiri nje. "Ndugu yangu, hujambo? Nimekusikia ukisema mambo ya wanaume mbele ya watu wa mikasi. Si adabu ya mji huu. Njoo huku kivulini."

Bwana yule alijitambulisha kuwa Kefa, mfugaji wa kuku kule Kiembeni. Wezi walikuwa wamemkalia kooni. "Juzi walibeba kuku zote, boss. Kesho yake wakarudi kuniuliza mbona sijaongeza zingine. Sasa nataka wakikuja tena wapate mimi niko tayari. Lakini hizi vitu mimi sijui. Nachagua aje?"

Kuhusu bunduki Faki alijua kama alivyojua kuhusu Ulaya, yaani aliwahi kuziona kwenye picha. Hilo halikumzuia.

"Bunduki ya kwanza, bwana Kefa, haichaguliwi kwa pupa," alianza, sauti imeshuka kama ya shehe kwenye nasaha za ndoa. "Yachaguliwa kama mke. Yatizamwa uzito. Nzito sana itakuchosha kabla hujamwona mwizi. Nyepesi sana itakuruka begani kama punda wa Lamu. Wewe ni mtu wa mwili, mashallah. Wataka ya wastani, yenye kitako kipana, tulivu, isiyopiga makelele ovyo. Iseme moja, inyamaze. Iseme ya pili, inyamaze. Hiyo ndiyo nusu otomatiki. Ile otomatiki kamili ni mke mgomvi: akianza hakomi."

"Na risasi?"

"Risasi ni mahari, ndugu yangu. Mahari huzungumzwa kabla ya posa?"

Kefa akatikisa kichwa kwa heshima. Nyuma yake ilikuwa imeegeshwa tuktuk mpya, nyekundu, karatasi za nailoni bado zimefunika viti. "Hiyo ni yako?" Faki aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali.

"Yangu. Nikipata hiyo bunduki, boss, nakupatia na funguo na makaratasi yake. Tuktuk nitanunua ingine, roho siwezi nunua. Sijali."

Kabla Kefa hajamaliza sentensi, Faki, kichwani mwake, alikwisha andika jina lake mwenyewe nyuma ya tuktuk ile, kwa rangi ya dhahabu, na kuchagua maneno ya kuweka chini ya jina.

Ikumbukwe kwamba serikali haigawi silaha za namna ile kwa wafuga kuku. Kefa alilijua hilo, Faki alilijua hilo, na kila mmoja alifurahi kwamba mwenzake analijua, kwa sababu aliyeibiwa katika biashara haramu hana kituo cha polisi.

*

Bunduki yenyewe ilizaliwa katika karakana ya Ziro, seremala wa vitanda. Ziro alikuwa amemaliza kitanda cha arusi cha Sabah, shemeji yake Faki, na vipande vya mvule vilikuwa vimebaki sakafuni. Faki akamwambia kuna mchezo wa kuigiza shuleni. Ziro akachonga kitako, akachonga mwili, akapachika kipande cha chuma cha kutundikia pazia kikawa mtutu. Faki akaipaka rangi nyeusi ya viatu, akaisugua kwa kitambaa mpaka ikawaka. Alipoiinua mbele ya kioo, aliogopa mwenyewe.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Kefa ataiona kwa mbali, ataipenda, ataletewa ndani ya sanduku lililofungwa, na ufunguo wa sanduku atapewa Ijumaa baada ya swala. Ijumaa hiyo Faki atakuwa Malindi, na tuktuk.

Akachagua alasiri ambayo mkewe, Mwanasaumu, alikuwa kwao akishona mapazia ya arusi ya mdogo wake. Bunduki akailaza juu ya kitanda cha ndoa, akaifunika leso mpya mpaka shingoni, akateremsha chandarua, akafunga madirisha. Kefa alipofikishwa mlangoni alivua viatu bila kuambiwa.

"Naweza shika?"

"Astaghfirullah!" Faki alimkinga kwa mwili wake. "Huyo ni mwari, bwana. Yuko ndani. Mwari hushikwa kabla ya arusi? Hata kwenu bara sidhani."

"Pole, pole. Inanuka kama viatu."

"Mafuta ya kiwandani hayo."

Kisha Faki, kwa vile uongo ulimnogea, alifanya jambo ambalo hakuna mtu aliyemwomba. Alikohoa, akashika nguzo ya kitanda, akamwimbia mwari wake ubeti mmoja, mahadhi ya taratibu:

*Mwembamba wa kiunoni, rangiye yameremeta,*
*Akilazwa mabegani, adui hukoma vita,*
*Kwa kidole mguseni, neno moja hulileta,*
*Kipusa huyu ni nani? Si wa kila anopita.*

Kefa alichomoa simu. "Boss, hiyo imenibamba. Hebu rudia, niweke kwa simu."

Faki akarudia, mara hii kwa madaha zaidi, na huku akijisemea moyoni kwamba maskini huyu hataelewa hata robo. Ubeti ulipokwisha Kefa akaweka simu mfukoni, akaitazama tena bunduki kupitia chandarua, akasonya.

"Lakini iko uchi."

"Uchi vipi? Nimemfunika mkeo mtarajiwa leso mpya—"

"Haina vitu, boss. Kwa ile video jamaa alisema bunduki ya kwanza ukinunua bila kuvalisha, umenunua fimbo. Haina darubini ya kulenga. Haina mkanda wa bega. Haina miguu ya kusimamia. Haina tochi. Haina begi. Mimi siwezi peana tuktuk kwa fimbo."

Neno fimbo lilimchoma Faki, maana lilikuwa karibu mno na ukweli.

"Vifaa vyapatikana wapi?" aliuliza.

Kefa akajikuna kichwa kwa aibu. "Kuna mzee mmoja, Ziwa la Ng'ombe. Wanamwita Babu. Ako nazo zote, zilitoka kwa meli. Mimi nilienda, akanifukuza. Alisema hauzii watu wa bara. Anauzia wenyeji peke yake, wale wa Kiswahili ya ukweli." Akashusha macho. "Wewe anaweza kukubali. Vile unaongea."

Laiti angemtukana, Faki angepata wasaa wa kufikiri. Lakini alisifiwa, tena alisifiwa mahali pale pale anapojipenda. Alihisi kifua kikijaa kama maandazi kwenye mafuta.

"Niachie mimi," alisema. "Wewe kaoshe tuktuk."

*

Babu alikuwa mzee mkavu mwenye kofia ya kutariziwa, amekaa katika chumba cha nyuma ambacho dirisha lake lilizibwa kwa gunia. Taa ilikuwa moja, ndogo, nyuma ya mgongo wake.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. U mwana wa nani?"

"Wa Matano, wa Bofu."

"Aaa! Wasikia maneno yanavyotoka?" Mzee aliigeukia taa, akaiambia. "Maneno yamenyooka. Juzi kaja hapa mtu, kaniambia nimuuzie 'hizo vitu zako'. Nikamwambia mimi sina hizo, nina hivyo. Karibu, keti. Nyumba hii ni yako."

Faki akaketi, na kwa muda wa kahawa mbili wakamteta Kefa, wakaiteta bara yote, wakaisikitikia lugha. Ndipo Babu akavuta mzigo kutoka chini ya kitanda. Katika giza lile vifaa vilionekana vizito na vya kutisha: darubini ndefu nyeusi, miguu miwili ya kukunja, tochi, mkanda mpana, begi refu la kubebea.

"Tutapatana, Babu. Niambie utakacho."

"Pesa za simu sizitaki, zina mdomo. Noti sizitaki, zina nambari. Mimi mtu wa zamani. Nipe dhahabu."

Faki hakuwa na dhahabu. Mkewe alikuwa nayo: bangili nzito za mahari, alizozifungia kabatini chini ya nguo za sala, na ambazo angezivaa kwenye arusi ya Sabah mbele ya ukoo mzima na maadui wa ukoo mzima. Kwa Mwanasaumu kwenda arusini mikono mitupu ni sawa na kwenda bila mikono.

Jioni ile Faki alimkalia karibu, akamsifu mchuzi. Mwanasaumu akaweka kijiko chini.

"Sema."

"Nini?"

"Mchuzi huu nimeuunguza, baba Jalila, nawe wausifu. Sema wataka nini."

"Bangili zako, mke wangu. Zimefifia. Nataka nizipeleke kwa sonara azing'arishe, uende arusini uwatoe watu macho."

Mwanasaumu alimtazama kama atazamavyo samaki sokoni, kwenye mashavu kwanza. Kisha akaenda kabatini, akarudi na kifurushi cha kitambaa.

"Kwa sonara," alisema.

"Wallahi—"

"Usiape. Zirudi kabla ya arusi. Zisiporudi, Faki, utamweleza mama mwenyewe, tena ukumbini, mbele ya wanawake."

Kesho yake Babu alizipokea bangili gizani, akazigonga moja kwa nyingine, akaiuma moja kwa jino lake pekee la mbele, akazitia kwenye mfuko wa kanzu. "Mashallah. Watu wa asili hawana longolongo." Akamkumbatia Faki mpaka nje. Faki alivuka na feri kurudi Likoni, begi begani, akiwatazama abiria wenzake kwa huruma ya mtu ambaye kesho atakuwa na tuktuk.

*

Alimvalisha mwari wake usawa wa adhuhuri, akimpigia simu Kefa kila baada ya kufunga skrubu moja. Darubini juu, miguu chini, tochi ubavuni, mkanda begani. Simu ya Kefa haikupatikana. Labda anaosha tuktuk, Faki alifikiri, na maji yamemshughulisha.

Alikuwa bado amepiga magoti mbele ya kitanda Mwanasaumu alipofungua mlango. Aliona chandarua, aliona leso yake mpya, aliona kilichovaa leso yake. Alipiga ukelele ambao ulisimamisha cherehani ya jirani.

"Subiri, mke wangu! Ni mbao! Ni mbao tupu!"

"Mbao?"

"Za kitanda cha Sabah! Muulize Ziro!"

Mwanasaumu akasogea kitandani. Hofu ikamtoka, na kilichoingia mahali pake kilikuwa kibaya zaidi. Akaingiza mkono chini ya chandarua, akaishika bunduki kwa darubini, akaitoa kama anayemtoa panya. Rangi ikamganda kiganjani. Chini ya rangi ya darubini yakatokea maandishi ya kupima upana, ya bluu, yale yale yaliyoko kwenye bomba la bafu lake.

"Na hili ni bomba la maji."

"Hiyo ni darubini, imetoka kwenye meli—"

"Faki. Bomba. La. Maji." Akachungulia upande mmoja. "Wameweka kioo cha tochi." Akavuta mkanda. "Begi la shule." Akaikunjua miguu. "Hivi si vile vijiti vya kupigia picha za simu? Na hili begi ni la gitaa, mbona lina picha ya gitaa ndani?"

Faki alitazama kitu kimoja baada ya kingine. Mtu aliyekuwa akiuza mbao kwa bei ya chuma alikuwa amenunua plastiki kwa bei hiyo hiyo, tena akashukuru, tena akanywa kahawa.

Simu ikalia. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, kutoka kwa Kefa. Mwanasaumu ndiye aliyekuwa karibu, akaibonyeza. Ikatoka sauti ile ile nene, lakini lafudhi haikuwa ile. Ilikuwa laini, ndefu, ya Mvita yenyewe, na ilikuwa kwenye mahadhi ya Faki mwenyewe, vina kwa vina:

*Faki wa hapa Bofuni, salamu nimezileta,*
*Mwari wako msituni, mimi simtaki hata,*
*Dhahabu za mikononi, kwangu leo zinameta,*
*Nalizawa Changamweni: hukuuliza, wapita.*

Nyuma ya sauti, mzee mmoja alikuwa akicheka mpaka akakohoa.

Faki alikaa sakafuni. Angeweza kuvumilia kuibiwa. Ni ajali ya kazi. Lakini kujibiwa! Mizani imetimia, vina havina doa, na mwandishi wake, mzaliwa wa Changamwe, hapa hapa Mombasa, ni mtu aliyesema "hii kitu". Alitafuta kosa katika ubeti ule, hata moja, la kumfariji. Hakuliona.

"Dhahabu za mikononi," Mwanasaumu alirudia polepole. "Za nani?"

Hakungoja jibu. Alimkabidhi bunduki mikononi, akaelekeza kidole sebuleni. "Umemlaza kitandani kwangu. Nenda ukalale naye."

*

Tangu siku hiyo mpaka siku ya arusi Mwanasaumu hakusema neno. Alipika, alifua, alipiga pasi, vyote kwa ukimya, na Faki alikonda. Alijaribu kukopa. Alijaribu kumtafuta Babu. Chumba cha Ziwa la Ng'ombe kilikuwa kimepangishwa kwa siku chache tu, na mwenye nyumba naye alikuwa akimtafuta. Alijaribu kuumwa, lakini mama mkwe alituma salamu kwamba arusi ina kivuli cha kutosha wagonjwa.

Akaenda. Akakaa upande wa wanaume, mwisho kabisa wa mkeka, karibu na viatu. Kila mlango wa wanawake ulipofunguka aliona yamekwisha: mama mkwe atatoka, atamwita kwa jina lake na la baba yake. Pilau ilikuja, akawa anaihamisha kutoka upande mmoja wa sinia kwenda mwingine.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Mwanasaumu, buibui lake jeusi, anaomba sinia la pili. Akanyoosha mikono kulipokea. Mikono ya buibui ikarudi nyuma mpaka kwenye viwiko, na bangili zikateremka na kulia, nzito, za manjano, zote, kama zilivyokuwa siku ya nikahi yao.

Faki alipaliwa na tonge lake la kwanza. Jirani yake alimpiga mgongoni. Alipoweza kupumua alikuwa amekwisha fika mlangoni, miguu mitupu.

"Zimerudi! Umezipata wapi?"

"Hazikwenda popote," Mwanasaumu alisema. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza, na ilionekana alikuwa ameitunza. "Zilikuwa kwa mama tangu siku ulipofungua lile shirika la Ulaya. Nilikuona ukilipima kabati kwa macho. Nikanunua za shaba kwa mchuuzi, nikaziweka chini ya nguo za sala."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekwenda kuzitafuta za kweli."

Hapo Faki akaanza kufikiri, na kufikiri kwake kukaanza kumrudishia rangi. Babu alizipokea gizani. Dirisha aliliziba kwa gunia yeye mwenyewe, ili plastiki ionekane chuma, na katika kiza hicho hicho akapokea shaba. Faki akavuta pumzi. Kifua kikajaa tena.

"Kwa hivyo," alisema, "ukilitazama vizuri, mimi ndiye niliyewauzia—"

Simu ikalia mfukoni mwake. Kefa. Faki akaipokea kwa vidole viwili, kidevu juu, akaweka sauti wazi ili shemeji zake wasikie.

"Faki!" Mara hii hapakuwa na mahadhi wala vina. "Sonara atucheka! Mbele ya watu, Faki! Weye umetupa shaba! Hata huogopi Mungu? Watu wa mji mmoja, wafanyiana hivi? Huu ni wizi!"

"Bwana Kefa," Faki alianza, akitafuta neno la kwanza la ubeti, "ungejua umeshindana na nani—"

Hakuendelea. Mkono wenye bangili ulikuwa umekwisha mpokonya simu.

"Nani huyo?" Kefa alifoka. "Nasema na nani?"

"Na sonara," Mwanasaumu alisema, kwa upole wa mtu mwenye wageni. "Zikianza kufifia, zisugueni kwa ndimu na majivu. Zitang'aa kama mpya."

Akakata simu, akamrudishia mumewe, akaingia na sinia lake ndani.